Ini la Mshonaji

Watu hutumwa chumvi. Wengine hutumwa vocha, au mkate wa jioni. Wembe alitumwa ini.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Wodi ya wanawake ilinuka dawa ya kudekia na chai iliyopoa, na yeye alikuwa akipandisha ngazi kwa mluzi, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe. Jina la Wembe alijipa mwenyewe. Kule chini, kwenye maabara iliyopakana na chumba cha kufulia, yeye ndiye aliyekata maini ya watu vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Ukimwuliza kazi yake hakusema fundi wa maabara. Alisema, "Mimi nakata maini," halafu anakutazama usoni aone kama utameza mate.

Kazi yenyewe haikuwa ya kichawi. Kila dawa unayomeza hupita kwenye ini, na ini ndilo huivunjavunja, hili kwa haraka, lile kwa kujivuta. Ukitaka kujua dawa mpya itamfanyaje binadamu, ini la panya litakujibu kipanya tu. Kwa hiyo daktari wa upasuaji akiondoa uvimbe kwenye ini la mtu, huondoa na nyama nzima kidogo pembeni yake, na nyama hiyo, badala ya kwenda kuchomwa kwenye tanuri la hospitali, maabara huiomba.

Huiomba. Mkuu wa maabara, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, wote wakimwita Bosi, alikuwa na sharti moja: mgonjwa aulizwe usoni kabla ya kisu, ajibu kwa mdomo wake. Akisema hapana, imekwisha. Na mdomo ulioshusha jibu kutoka wodini ulikuwa wa Wembe. Sasa hapo ni sawa na kumpa fisi funguo za bucha ukaenda kulala.

Mgonjwa wa siku hiyo alikuwa kitanda cha dirishani. Mwanamke wa rika lake, macho ya manjano kwa ugonjwa, lakini mikono haijui kukaa. Kazi yake ilikuwa ushonaji, na hata pale kitandani alikuwa ameshika sindano, anapinda upya pindo la shuka la hospitali lililofumuka.

"Habari ya hapa, dada."

"Ya hapa ni ya hapa. Wewe daktari au bwana harusi? Maana hilo koti."

Wodi nzima ikacheka. Wembe naye akacheka, kwa meno tu. Akavuta kiti, akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: sayansi hivi, faida kwa wagonjwa vile, wala hutasikia maumivu, kwanza utakuwa umelala. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Mshonaji akamsikiliza hadi mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Yaani unataka ini langu, na hata maji ya kunywa hujaniletea."

"Si ini lote, dada. Kakipande."

"Hapana, kaka yangu. Kitakachokatwa apewe mama. Nikipona tutakizika huku tunacheka. Nisipopona, anizike mzima. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Nimesikia, dada."

Akashuka ngazi bila mluzi. Si kwamba roho ilimsuta, usimpe sifa asizostahili. Kilichomuuma ni kwamba mbele ya maabara nzima alishajigamba kuwa hajazaliwa wa kumkatalia. Halafu vyombo vya maabara vilikuwa vikavu, bila ini la mtu, kwa muda mrefu, na Bosi alianza kusema mambo ya kufunga mradi wa maini. Alimkuta Bosi ameinama juu ya mizani. Akauliza bila kuinua macho: amesemaje?

"Amekubali."

Neno moja. Ulimi hauna mfupa.

Kesho yake kipande kikashuka kwenye boksi la barafu, chekundu cha kukolea, kinang'aa. Wembe akakikata kwa mashine yake, vipande vyembamba vikaelea kwenye visahani vya maji ya lishe yenye rangi ya waridi, visahani vikaingia kabatini. Kabati hilo hutunza joto la mwili wa mtu, na ndani yake kuna sinia linalotikisika polepole ili vipande vipate hewa. Nyama iliyobaki akaiyeyusha kwa dawa hadi ikawa chembe moja moja, akazijaza kwenye vichupa na kuvigandisha. Ndivyo wafanyavyo. Mwenye ini hugawia asiyekuwa nalo, na vichupa kadhaa vilisafirishwa wiki hiyohiyo kwenda maabara nyingine, mbali huko.

Mshonaji alikufa kabla ya nyuzi zake kutolewa. Alivuja damu kwa ndani, alfajiri, na daktari aliyempasua alilia kwenye ngazi kama mtoto, maana kazi yake aliifanya vizuri. Kipande kile hakikumuua. Wembe alilishika hilo kama mtu anayezama anavyoshika jani.

Jioni hiyo mama wa marehemu akashuka hadi mlango wa maabara. Kikongwe mkavu, amebeba viatu vyake mkononi. Aliambiwa huko juu kwamba vinavyokatwa hupitia chini. Akamwomba Wembe kwa adabu zote, akimwita mwanangu, ampe kipande cha binti yake, kwa kuwa kesho wanazika.

Mlango ulikuwa wazi. Kabati lilikuwa nyuma ya mgongo wa Wembe, hatua chache tu.

"Pole sana, bibi. Kimeshachomwa."

Yule bibi hakulia. Alimtazama koti, akamtazama mikono, akanusa hewa kidogo kama mpishi.

"Kama kimeungua, sina neno," akasema taratibu. "Kama hakijaungua, basi kila kitakachokipata kikupate na wewe."

Akavaa viatu vyake pale mlangoni, akaondoka.

Wembe akawasimulia wenzake kesho yake kama kichekesho, akaiga hadi sauti. Wawili walicheka. Mmoja akanyanyuka akaenda kunawa mikono.

Vipande vya ini havina maisha marefu. Siku moja, ukibahatika mbili, vinapauka, vinalegea, unavitupa. Hivi havikupauka. Kila Wembe alipofungua kabati alikuta wekundu uleule, mbichi, na harufu… si harufu ya maabara. Harufu ya kitambaa kipya kilichopigwa pasi. Bosi alikuwa haamini bahati yake. Alisema tangu aanze kazi hajaona ini lenye roho ngumu namna hii.

Akatia dawa ya kwanza, ya usingizi. Wembe wakati huo alikuwa kantini anasimulia uongo fulani mzuri sana. Sentensi haikufika mwisho. Walimwamsha na wali puani.

Siku nyingine Bosi akatia ile dawa iliyo ndani ya kahawa. Wembe hakufumba jicho hadi kulipokucha, moyo unampiga kama mtu anayegonga mlango. Halafu ikaja ya kushusha presha. Alikuwa ndio anaingia nyumbani kwa dada yake, mkubwa wake, anakoishi tangu wazazi wafariki, akaanguka kizingitini kama gunia. Dada akamburuta ndani kwa kwapa, akamnusa mdomo, akasema mbona pombe hakuna, basi ni mwanamke gani huyo anayekunyonya hivi.

Alipojieleza kwa Bosi kwamba haelewi mwili wake una nini, Bosi hakushangaa hata. Unashika madawa bila glavu kwa kuringa, akamwambia, na ngozi nayo inakunywa. Jibu la kisomi hilo, limenyooka. Wembe akalipenda. Akavaa glavu jozi mbili mbili.

Halafu akasikia sauti.

Ilikuwa saa za kutoka kazini, wengine wakivua makoti. Sinia la kabatini lilikuwa na mlio wake siku zote, shii… shii… kama mtu anayepepeta mchele. Jioni ile mlio ulibadilika. Tak-tak-tak-tak. Ukasimama. Tak-tak. Ukasimama, kama mtu anageuza kona ya kitambaa. Kisha tak-tak-tak-tak-tak, mbio, mstari mrefu ulionyooka.

Cherehani.

Akawaangalia wenzake. Wenzake wakamuaga, wakatoka.

Akafungua kabati. Kimya. Akachukua kibano, akashika ukingo wa kipande kimoja, akabana.

Kitu kikambana chini ya mbavu, upande wa kulia.

Akaachia. Kikaachia. Akasimama pale, jasho jembamba likimtoka. Mtu mwenye akili angefunga kabati akatafuta pa kupiga magoti. Yeye akabana tena, kwa nguvu, ahakikishe, akajikuta sakafuni amekumbatia mguu wa meza, amejikojolea koti lililopigwa pasi.

Mkuki kwa nguruwe.

Kesho yake Bosi aliingia na uso wa sikukuu. Alisema vipande vimewapa yote waliyotaka, limebaki jambo moja. Kuna dawa ya maumivu ambayo ikizidi huua ini, na watu huila kama karanga. Anataka kuona ini linavyokufa, hatua kwa hatua.

"Kesho asubuhi naviua," akasema, anafungua mkate wake.

Wembe akaomba wasogeze mbele. Akauliza hivi haiwezekani kutumia vya panya. Bosi akaacha kutafuna, akamtazama vizuri, akamwuliza kwa nini. Njia ilikuwa hapo, nyeupe, pana. Kulikuwa na sentensi moja tu ya kusema: yule dada alikataa. Angefukuzwa, angetukanwa, na angeishi.

"Nilikuwa nauliza tu, Bosi," akasema.

Mlango wa maabara aliufungua tena jioni, jua likiwa rangi ya damu kwenye vioo vya juu. Hakuwasha taa. Cherehani ilikuwa inakwenda ndani ya kabati, haina haraka. Aliposhika kitasa ikasimama.

Visahani vilikuwa vitupu.

Vyote. Yale maji ya rangi ya waridi tu, safi. Na katikati ya sinia, juu ya chuma, kulikuwa na kitu kimoja. Vipande vyake vyote, vile vyembamba kama ganda la kitunguu, vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kimoja na kuunganishwa kwa uzi mweusi. Mishono midogo, sawasawa, hakuna uliopinda. Ungekuwa na gauni lenye mshono ule ungelivaa kwenye harusi yako.

Kilikuwa cha moto. Kilikuwa kinatuna… na kushuka… na kutuna.

Alitaka kukitia kwenye boksi la barafu, ndilo zoea la mikono. Kidole cha kwanza cha barafu kilipokigusa, baridi ikamchoma mbavuni hadi akauma ulimi. Basi akakivingirisha kwenye taulo, akakiweka tumboni chini ya shati, akafunga vifungo. Akatoka nyuma, kupitia chumba cha kufulia. Wanawake wawili waliokuwa wanakunja mashuka walimwona jinsi anavyotembea, mikono imeshika tumbo, na mmoja akamtania kama ni wa miezi mingapi. Yeye akakaza mwendo.

Nyumba aliulizia njiani. Kila mtu alijua kwa mshonaji. Chumba kimoja mbele, cherehani imefunikwa kanga, nguo za wateja zinaning'inia ukutani hazina mikono. Yule bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda akikabili mlango. Mbele yake kulikuwa na kigoda kingine, kitupu.

"Karibu," akasema. "Umechelewa."

Bibi akakipokea kile kifungu, akakifungua magotini. Hakushtuka. Akapitisha vidole juu ya mishono, polepole, kichwa ameinamisha, mtu anayesoma. Na kila kidole kilipopita, Wembe alikisikia.

"Mkono wake huu. Naujua." Kidole kikafika ukingoni, kikasita. "Lakini hapa hakufunga. Ameacha uzi. Kuna pande halipo."

Vile vichupa. Wembe akaporomoka. Akasema yote, pale chini, mbele ya kikongwe asiyemjua: wodi, hapana ile, amekubali ile, mlango na tanuri la uongo. Akaahidi vichupa atavirudisha, hata kwa miguu. Akamshika bibi miguu.

"Bibi, nifungue. Nakuomba. Nisamehe unifungue."

"Sijafunga kitu, mwanangu, nitafungua nini? Mimi nilisema tu kama mama anavyosema." Akakifunga kile kifungu upya, vizuri, kama anavyofungwa mtoto. "Mwenye deni na wewe ni yeye. Mimi nimemwuliza juzi, nimemwuliza na jana. Nikamwambia ni kijana, ana dada yake. Anasema hapana."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hapana. Mimi siwezi kwenda kuwaambia watu amekubali."

Akanyanyuka. Nyuma ya mlango kulikuwa na jembe. Akalishika, na kifungu ameweka kwapani, akatoka kuelekea makaburini na mwanga wa mwisho wa jioni. Alikuwa amekwenda mbali kidogo ndipo Wembe, bado yuko chini, akaelewa.

Kitakachokipata.

Na kilikuwa kinakwenda kuzikwa.

Alikimbia. Inasemekana alipiga kelele hadi watu wakatoka majumbani. Alimwona yule bibi kwa mbali, ameinama. Aliona mkono ukishuka, ukatoka mtupu. Alikuwa anainua mguu wa kulia aruke mtaro wakati udongo wa kwanza ulipomwagwa, na mguu ule haukufika chini ukiwa wake.

Kiharusi, madaktari walisema. Kimepiga upande mzima wa kulia, kwa kijana wa umri huu ni bahati mbaya, lakini hutokea. Walimgonga goti kwa nyundo. Walimwuliza anasikia nini, akasema, kwa mdomo uliokwenda pembeni, anasikia baridi na uzito. Anasikia mizizi. Wakaandika kwamba anaweweseka.

Bosi alikuja kumwona nyumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, na Wembe akamwambia. Ile sentensi moja. Ilichukua muda mrefu kutoka. Bosi alibaki ameshika mkoba wake. Hakumfokea. Alisema tu kwamba miaka yote ya kazi hakuwahi kugusa ini la mtu aliyekataa, na sasa amegusa. Aliandika barua za kuomba vichupa virudishwe, ni kweli aliandika. Vichupa viwili vikarudi, akampelekea yule bibi kwa mikono yake, naye akavizika, na siku hiyo hata mkono wa kushoto wa Wembe ukaanza kufa ganzi vidoleni. Kuhusu vingine, majibu yalikuja kwa upole: chembe zilikuwa nzuri mno, tumewagawia wenzetu, na wao wamegawia wenzao. Majina ya wenzao hao hakuna aliyekuwa nayo. Bosi hakurudi tena.

Kwa hiyo sasa yuko kwa dada yake, chumba cha uani. Nusu yake iko chini ya udongo. Nusu nyingine haijulikani iko wapi, kwa nani, kwenye kabati lipi. Kuna siku anacheka hadi analia, hajui amechekeshwa na nini. Kuna siku anawashwa mwili mzima. Majuzi alipofuka tangu asubuhi, na jua lilipozama akaona tena, kama mtu aliyewashiwa taa na asiyemjua.

Jana dada alikuwa anamlisha kwa kijiko. Akasita. Akakisogeza kijiko pembeni, akamnusa mdomo, kisha akanusa bakuli.

"Mbona unanuka dawa? Umekula nini?"

"Sijala."

"Nani kala sasa?"

Wembe alikuwa amekaza jicho lake zima ukutani, anaonja. Kitu kichungu kilikuwa kinampanda kooni, kidogokidogo, kitu ambacho hajawahi kukionja maishani, na nyuma ya uchungu kulikuwa na utamu.

"Sijui, dada," akanong'ona. "Sijui leo wanampa nini."

Ulimi ukaanza kuwa mzito…